Saa Mkononi mwa Mtoto Wetu

Kwetu hapa bondeni, mtu wa saa akija, mikono huwa mizito. Hakuna anayekufundisha. Unaingia kiwandani ukiwa msichana, unawatazama wakubwa zako, unaelewa. Injinia anasimama nyuma yako na saa ya kupimia, nawe unajitia hamnazo: mara skrubu imekuponyoka, mara pua inataka kupengwa. Maana anachoandika siku ile ndicho utakachodaiwa mwaka mzima, pamoja na siku za mafua na siku ulizoamka vibaya. Mama yangu alifanya hivyo, na mama wa mwenzangu Ceinwen pia. Atakayeniambia huo ni wizi, aje akae benchini aunge vitasa vya milango mpaka jioni, halafu tuongee.

Basi wakatuletea saa mkononi mwa mtoto wetu.

Lowri ni binti wa kaka yangu Idwal, anasomea uinjinia. Chuo chao kinataka kila mwanafunzi akafanye kazi kiwandani mwaka mzima kabla hajamaliza. Akiharibu huko, anarudia mwaka. Aliomba kila mahali wakamkatalia, mpaka Vaughan, injinia mkuu wa kiwanda chetu, akamchukua. Tulimshukuru Vaughan, tena kwa midomo yetu wenyewe! Siku ya kwanza mtoto alikuja na buti mpya zinazomchubua, na Ceinwen akamletea mkate wa zabibu na plasta ya kisigino.

Huyo Ceinwen ndiye mkubwa wa benchi letu la watu watano. Ameunga vitasa tangu hajaolewa, sasa ana wajukuu. Mkono wake wa kulia ulishapasuliwa kwenye kifundo, na alikuwa amebakiza kidogo tu astaafu kwa heshima. Lowri alilelewa mapajani mwake, wakati mama yake mtoto yuko zamu ya usiku. Ukimgusa Lowri umemgusa Ceinwen, kila mtu bondeni anajua.

Vaughan akampa Lowri kazi ya mwaka: apime benchi la kina mama, atafute sekunde zinapotelea wapi, aandike ripoti. Alama zake zote zilikuwa humo.

Asubuhi ya kupimwa, mtoto hajafika, Ceinwen akatukusanya akasema leo hakuna kuvuta mikono, Lowri asije akaaibika mbele ya wakubwa. Wenzangu wakaitikia. Nikawaambia saa ni saa, hata ikishikwa na malaika, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Wakanicheka. Ceinwen akaniuliza kama namwonea wivu mtoto wa kaka yangu mwenyewe.

Wakafanya kazi kama watu wanaopikia harusi. Vitasa vikamiminika. Mimi peke yangu nikashika mwendo wetu wa zamani, mpaka Lowri akainama akaninong'oneza kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia mgongo.

Haukupita muda mrefu amri ikatoka. Kasi ya siku ile ndiyo kiwango kipya cha kila siku. Na kwa kiwango hicho benchi halihitaji watu watano, wanne wanatosha. Atakayeshindwa kukifikia ndiye atakayeondoka. Hawakumtaja mtu. Wamtaje wa nini? Kukimbia siku moja kila mtu anaweza, lakini kukimbia kila siku ni habari nyingine. Mkono wa Ceinwen ukavimba, akawa anashika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto na kutuambia hajambo.

Nikamfuata Vaughan ofisini kwake. Nilimuuliza kwa nini kazi ile alimpa mwanafunzi, ilhali ana watu wake wa kupima. Hata kuona haya hakuona.

"Mama Menna, kila nikija mimi mnanichezea maigizo," akasema. "Nilitaka mtu ambaye hamtamchezea."

Kumbe alijua tangu mwanzo. Alimchukua mtoto wetu akamfanya chambo, na sisi tukamshukuru!

Jioni ile niliingia kwa Idwal bila hodi. Lowri na baba yake walikuwa mezani na samaki wao na chipsi, na mimi nikayamwaga yote. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia Lowri kwamba Ceinwen ndiye aliyemfuta mavi, na yeye anamfukuzisha kazi. Idwal akaniambia nishushe sauti, hapa ni kwake. Lakini nilimwona mtoto usoni kwamba hakujua. Tangu utotoni ameambiwa wanawake wa benchi lile ni mashine, naye akaamini ule ndio mwendo wetu wa kila siku. Akaweka uma chini.

"Nikisema vipimo vyangu havifai, shangazi, ripoti yote imekufa. Nitarudia mwaka."

"Na usiposema?"

Akaanza kulia. Nikaondoka bila kumbembeleza, maana nilijua nikikaa nitamhurumia, na sikutaka kumhurumia mtu yeyote.

Lakini mtoto ana moyo yule, nimpe haki yake. Siku ya kuwasilisha ripoti, mwalimu wake wa chuo amekuja, wakubwa wamekaa, akasimama akasema vipimo vyake havifai kwa sababu watu walikuwa wanambeba, na anaomba apime upya. Mwalimu akashangaa. Vaughan akasema hakuna shida, twendeni tukapime sasa hivi. Akaja nao mpaka benchini kwetu, akatutangazia kwa sauti, makusudi, kwamba vipimo vya leo vikitofautiana na vya kwanza, ripoti ya Lowri haitapokelewa na mwaka wake umepotea.

Nilitamani nimrushie kitasa cha uso.

"Mama Ceinwen, fanya kama kila siku," Lowri akasema. "Mwendo wako wa kila siku tu, nakuomba."

Nami nikamnong'oneza taratibu, shoga, taratibu. Ceinwen akamtazama mtoto, akavuta trei ya springi, akaanza.

Sijawahi kuona mikono ikienda vile. Jasho lilimtoka, midomo ikawa myeupe, na mkono ule wenye kovu haukusimama. Wenzangu walipoona hivyo wakashindwa kumwacha peke yake, wakamfuata. Mimi nilijaribu kuwazuia, nikavirundika vitasa mbele yangu visipite. Wakanyoosha mikono wakavichukua, wakaviunga wenyewe. Lowri akasema basi, acheni, akaizima saa. Vaughan alikuwa na ya kwake mfukoni.

Ilikuwa kasi kuliko mara ya kwanza. Mwalimu akampa Lowri mkono, akasema ni nadra kuona mwanafunzi mwaminifu hivi, na vipimo thabiti hivi. Mtoto alisimama pale kama aliyepigwa kofi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilimwambia Ceinwen ni mjinga. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya watu.

"Mkono huu umeshakwisha, Menna," akanijibu. "Yule ndiyo kwanza anaanza."

Nikamwambia amewapa walichokuwa wanakitaka, na mwakani watatuletea mtoto wa mtu mwingine, na huyo naye tutamkimbilia mpaka tuishe wote. Akasema huenda. Maneno yangu yale sijayafuta na siyafuti.

Kiwango hakukifikia, angekifikiaje. Siku yake ya mwisho mvua ilikuwa inanyesha, na tulipofika getini alishindwa kufunga koti. Vidole havikukunjika. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, kifungo kikamteleza, akajaribu tena huku anacheka na kulalamikia vifungo vya siku hizi. Lowri akaja kutoka upande wa ofisini, akasimama mbele yake, akamfunga koti kuanzia chini mpaka shingoni. Ceinwen alinyoosha kidevu juu na kungoja, kama mtoto anayepelekwa shule. Nikashindwa kutazama, nikageuka nikarudi ndani kumtafuta Vaughan.