Mtu Wangu Aliyebaki Mto Malaba

Ukitaka kunikasirisha, rafiki yangu, niambie kwamba mtoto hurithi anachokipenda mzazi. Mimi nauza mitumba Busia, mpakani, na kila siku naona akina mama wakiwavika watoto magauni wanayoyapenda wao. Mtoto hulivaa mpaka kona ya kwanza, basi.

Juzi nilimpeleka binti yangu kijijini Nabuyoga, kwa baba yangu. Tuliposhuka tu nikapokewa na harufu ya muhogo uliovundikwa, ule unaofunikwa majani mpaka uote ukungu, kisha unaparwa na kuanikwa juani. Wengine huiona uvundo. Mimi hunitoa mate, na siku hizi hunipandisha hasira pia, kwa sababu utoto wangu wote ulichezwa kwa muhogo huo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu mwenzake kutoka upande wa Kenya alimfundisha mchezo usio na ubao wala timu. Mmoja husimulia, na wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Unasema mtu wako anafanya nini, halafu unarusha kete. Ikitoa alama nyingi imekubali, umepita. Ikikataa, imekataa, hata ulie. Nyumbani tulisema Kidhopadhola, lugha ya kwetu, lakini mchezo ulikuja kwa Kiswahili na ukabaki kwa Kiswahili. Kete baba alizichonga mwenyewe kwa muhogo mkavu, akazitia alama kwa msumari wa moto.

Tulicheza Jumapili baada ya ibada, barazani, huku tukimenya karanga ili mama asipate la kusema. Mtu wa kaka yangu alikuwa mchimba dhahabu wa machimbo ya Tiira, na hapakuwa na shimo asiloliangukia. Mtu wangu mimi alikuwa mama mchuuzi anayevusha kahawa mto Malaba kwa njia za panya, gunia kichwani. Nilijua kikohozi chake. Nilijua kidole chake cha mguu kinachouma mvua ikikaribia. Nikichota maji kisimani nilitembea kama yeye, na wenzangu wakanicheka.

Baba ndiye aliyekuwa askari wote, na sauti aliibadilisha.

"Wewe mama, nakwenda wapi na mzigo hiyo?"

"Nakwenda matanga, afande."

"Matanga gani ya kubeba kahawa?"

"Marehemu alikuwa napenda sana."

Baba alicheka mpaka ungo wa karanga ukapinduka. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" akasema, akanipiga begani. Nimesifiwa mara nyingi tangu hapo, hata na waongo wanaotaka kupunguziwa bei, lakini sijasifiwa tena vile.

Mama hakuupenda mchezo. "Baba yenu nacheza na chakula," alisema. "Njaa ikija, mtakula hadithi?" Basi siku moja kete zilikuwa zimeanikwa kwenye mkeka mmoja na muhogo, naye akakusanya vyote, akachanganya na wimbi, akapeleka kinuni. Tulizitafuta mpaka chini ya vitanda. Jioni baba alimega tonge, akatafuna taratibu, akatutazama kwa huzuni. "Poleni, watu wangu. Mmekula bahati yenu." Mama alicheka hadi akaweka kijiko chini. Kesho yake alimchagulia baba muhogo mgumu kwa mkono wake, na kete mpya zikachongwa.

Kisha likaja lile lililoharibu yote. Mto ulikuwa umefurika. Baba alikuwa ameniambia maji yamemfika mtu wangu kifuani na gunia linayumba, nami nilikuwa na kete mkononi, natikisa. Jirani yetu mlokole akaingia kuazima ungo. Akatuona.

"Mwalimu! Hata wewe? Si ndivyo walivyorushiana wale waliogawana nguo za Bwana?"

Baba wakati ule alikuwa anatajwatajwa kufanywa mzee wa kanisa. Alizikusanya kete, akazitupa motoni chini ya chungu cha maharage. Iliyokuwa mkononi mwangu aliichukua kwa kunifungua vidole.

"Baba, na mtu wangu?"

"Mchezo umekwisha. Kalete maji."

Nilimchukia siku hiyo, na sina hakika kama nimeacha. Mtu anakufundisha kupenda kitu, unakipenda kwa moyo wote, halafu neno moja la jirani linamtosha kukiacha.

Nilipopata mtoto nilinunua kete za plastiki sokoni. Nilimwandalia binti yangu hadithi, nikamtafutia mtu, nikafanya sauti za askari. Alirusha vizuri tu, kwa adabu, kama anayemeza dawa.

"Mama, nani ameshinda?"

"Hakuna anayeshinda."

"Sasa tunacheza nini?"

Angenidharau ningemgombeza. Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Nikajiambia kosa ni langu, mimi si msimulizi, msimulizi ni baba. Amezeeka, na uzee wa kanisa aliupata na kuustaafu. Akimsimulia mjukuu mara moja tu, damu itaitika. Ndiyo maana tulikwenda Nabuyoga, na kete zilikuwa mkobani mwangu.

Baada ya chakula, nikiwa jikoni naosha vyombo, nilisikia kicheko barazani. Kicheko kile kile. Nilitoka mbio na mikono yenye povu. Baba na binti yangu walikuwa wameinamia simu ya mtoto, wanacheza ludo.

"Sita! Sita tena!" baba alipiga kelele, akimpiga mtoto begani. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!"

Nilijifuta povu kwenye kanga. "Baba, kumbe kete si dhambi tena?"

"Hii si kete, mama. Hii simu."

Za mkobani sikuzitoa. Lakini niliuliza, maana nilikuwa nimelibeba swali tangu utotoni. "Yule mama wa kahawa, baba. Pale Malaba, maji yalipomfika kifuani. Alivuka?"

Aliinua macho, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Ah, mama. Wengi walizama pale, siku za magendo. Alikuwa wa kwetu?"

"Babu, zamu yako," binti yangu akasema.

Njiani tukirudi Busia nilimpigia kaka yangu, anayeishi Kampala, nikamwuliza kama anamkumbuka mama wa kahawa. Akacheka. Yeye anachokumbuka ni kumenya karanga tu. Binti yangu alikuwa amelala begani kwangu, simu bado mkononi. Simlaumu, amepata kicheko cha babu yake, na mimi namwonea wivu. Ila mtu wangu bado yuko mtoni, gunia kichwani, maji kifuani, na duniani kote nimebaki mimi tu ninayejua kwamba yuko pale.