Dawa ya Fedha Mkononi mwa Mama

Mafuta ya moto ya kukaangia viazi karai yalimmwagikia mama mkono wa kulia, nyumbani kwetu Timbwani. Zahanatini muuguzi alimpaka dawa nyeupe, akatueleza kwamba ina madini ya fedha, yanaua vijidudu kidondani.

“Bibi yangu akitia pete ya fedha kwenye maji ya kutuosha macho,” mama akasema.

Kwa wiki tatu nilimbadilishia bandeji kila asubuhi. Yeye aliuma ncha ya leso, nami nilipaka dawa kama ninayepaka ukuta rangi.

Siku moja akaniuliza, “Mwanangu, hunionei huruma?”

“Nakuonea, mama,” nikajibu, lakini moyoni sikuhisi kitu.

Kidonda kilipona, mama akarudi kukaanga viazi. Machozi yangu hayajaja mpaka leo.