Kumi na Sita Mkononi

Juzi nilipita stendi ya Bariadi nikakuta vijana wa bodaboda wamekaa juu ya boksi wanacheza karata. Mmoja akaniuliza, hata hakuniangalia, "Mdogo wangu, ungekuwa wewe hapa, ungevuta au ungetosheka?" Nilitabasamu tu nikapita. Mimi kujibu hunichukua muda, na swali hilo nimeishi nalo siku nyingi.

Kwetu ni Sola. Msimu wa pamba tulikuwa tunakaa uani kwa bibi tukichambua, pamba safi upande huu, pamba fifi, ile chafu, upande ule. Mgongo unauma, vidole vinachanika, vumbi linakaa kooni mpaka unywe chai ndiyo lishuke. Bibi alituwekea matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga pembeni. Kazi zisizopendwa tuligawana kwa karata: nani akachimbe maji kwenye mchanga wa mto, nani akachunge ng'ombe. Mchezo wetu ulikuwa ishirini na moja. Unavuta karata na kujumlisha, anayekaribia zaidi ndiye mshindi, ukizidi umeungua. Rundo alilishika bibi mapajani, kwa hiyo hakuna aliyeiba.

Mimi na dada yangu tulikuwa tumemaliza darasa la saba, tuko nyumbani tu. Ndipo mjomba akaja na pikipiki kutoka Nyalikungu, kwenye duka lake la ushonaji. Akasema anaweza kumchukua mmoja wetu akajifunze cherehani. Mmoja tu.

Mama hakutaka kuchagua. "Chezeni," alisema, "kama mnavyofanya kwa maji. Atakayeshinda ndiye aende. Sitaki mtu aje kunilaumu."

Nilitaka kwenda. Sikumwambia mtu.

Dada alivuta mbili akatosheka, akazifunika kwenye kanga. Mimi nilikuwa na saba ya kopa na tisa ya shupaza. Kumi na sita. Nilimtazama dada. Alikuwa anatafuna karanga polepole, kimya, na dada akinyamaza ujue ana karata nzuri. Nilijua nimeshapigwa. Nikivuta huenda nikaungua, nisipovuta huenda nikapigwa tu.

"Vuta basi, mjomba wako jua linamchoma," bibi alisema. "Au unaogopa zitakung'ata?"

Tangu asubuhi nilikuwa shambani. Mikono ilikuwa mizito, kichwa nacho. Nikasema nimetosheka.

Dada akafunua nane ya uru na kumi ya kopa. Kumi na nane. Bibi akageuza karata ya juu ya rundo, tano ya pau. Ningepata ishirini na moja kamili. Nilinyoosha mkono kuigusa, akairudisha.

"Hiyo siyo yako, ng'wanone, mwanangu," alisema taratibu. "Hukuivuta."

Jioni ile nilichambua pamba peke yangu.

Sasa bibi hayupo. Tulipomaliza msiba wake, mimi na dada tulikaa uani, ukuta wa jikoni umeshaanguka, ng'ombe wameuzwa. Dada ana cherehani yake mjini sasa. Akaniuliza kwa nini siku ile sikuvuta. Nikamwambia nilikuwa nimechoka.

Dada akavuta kanga yake magotini.

"Mimi nilikuwa naomba uvute unipige," alisema. "Sikutaka kumwacha bibi. Usiku wa kwanza kwa mjomba nililia mpaka mkewe akaja kukaa na mimi."

"Si ungevuta wewe, uungue?"

"Kumi na nane nani anavuta? Bibi angejua kwamba nimekuachia."

Tulikaa pale, yeye na mji nilioutaka, mimi na miaka yote ya bibi aliyoitaka yeye, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na namna ya kumpa mwenzake.