Singeli kwa Wazungu Wenye Magoti Mabovu

Mimi ni DJ. Nasema hivyo nikiwa ndani ya kizibao cha njano, maana siku za wiki kazi yangu ni kupanga maboksi kwenye ghala moja huku ughaibuni, kitongoji cha Seven Hills. Lakini ikifika Jumamosi, Mswahili yeyote anayeoa kati ya Campbelltown na Bankstown ananiita mimi. Si kwamba nina kipaji. Nina spika.

DJ wa harusi zetu ni mwanasiasa, nyie acheni tu. Meza ya Wakongo inataka rumba, na inaitaka yote, mpaka gitaa la mwisho. Warundi wakisikia ngoma zao hawakai tena. Wakenya wanataka kitu kilichotoka jana asubuhi. Watanzania wenzangu wanaomba taarabu, halafu wanalalamika kwamba ni ya zamani. Ukipendelea meza moja, sahani yako inakuja bila nyama. Kitu kimoja tu nilikipiga marufuku: singeli, ule muziki wa uswahilini kwetu Dar unaokwenda mbio kama mwizi aliyepigiwa yowe. "Mimi ni DJ wa watu wazima," nilikuwa nawaambia vijana, mdomo nimeubenua. Lo! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Ghalani nafanya kazi na mzungu mmoja, dereva wa forklifti, ile mashine ya kunyanyua mizigo, mwenye kipara na magoti mabovu. Siku moja wakati wa chakula akanisimulia ujana wake wa miaka ya tisini, walipokuwa wakikesha kwenye maghala matupu wakicheza muziki wa mashine, wa kasi, uitwao hardcore. Nikamwambia mimi naona yote ni kelele moja. Aisee, alikasirika mkate ukiwa mkononi. Waholanzi walikuwa na yao, mdundo mzito kama jirani anapigilia misumari. Waingereza walikatakata ngoma wakaweka piano juu yake. Waskoti walizikimbiza sauti za waimbaji kwenye mashine mpaka zikawa za watoto. Na DJ anayejua kazi, alisema, alikuzungusha kote huko kwa saa moja bila pasipoti.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hiyo ni harusi ya Bankstown."

Kumbe alikuwa anaandaa sherehe ya wenzake wa enzi zile, Jumapili mchana, kwa sababu siku hizi wakikesha wanaumwa wiki nzima. Akaniuliza kwetu muziki wenye kasi kuliko yote ni upi. Nikasitasita, kisha nikamwekea singeli kwenye simu, nikiona haya kama niliyefumaniwa. Akaacha kutafuna. Akataka kujua kwa nini nilimficha kitu kama hiki miaka yote. "Ah, hiyo ndiyo fani yangu," nikajibu, na sikupepesa hata jicho. Akanipa nusu saa kwenye sherehe yake.

Lakini kusema kweli nilikubali kwa ajili ya binti yangu. Yuko chuo kikuu, Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza, na tangu aingie sekondari hajakanyaga sherehe ninayopiga muziki. Ile ya mwisho alijifungia kwenye gari mpaka tukaondoka. Rafiki zake wanajua baba yake yuko ghalani. La DJ hajawahi kulitamka. Nilikuwa nalifanyia mzaha, lakini liliniuma, liliniuma sana. Sasa rafiki zake haohao wakaona tangazo la sherehe wakataka kwenda, maana vijana wanaipenda miaka ya tisini kuliko sisi tulioiishi. "Nakuja," akaniambia kwa Kiingereza chake, "ila tafadhali, Baba, usinitie aibu." Nikamwapia.

Ukumbini nilikuta watu wa makamo ndani ya masuruali mapana ya rangi kali, magoti yamefungwa bandeji, viti vya kukunja vimepangwa ukutani kwa ajili ya mapumziko. Zamu yangu ilipofika nikaingiza singeli polepole juu ya mdundo wa Kiholanzi. Jamani, vikaelewana kama wali na maharage! Watu wakapagawa. Binti yangu alikuwa mbele na wenzake, anaruka, anacheka. Nikajiona mfalme.

Sasa, muziki ule una mahali ngoma inakatwa, sauti inapanda, inapanda, na watu wote mikono juu wanasubiri ngoma irudi. Hapohapo mlinzi akaja kuninong'oneza kwamba kuna gari limeziba geti. Kwetu DJ ndiye mshereheshaji, na gari likiziba geti, DJ anatangaza. Mkono wangu ukashusha sauti wenyewe, ukashika kipaza sauti. Kimya. "Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa," nikaanza kwa Kiingereza changu cha harusini. Nikaishukuru kamati ya maandalizi, ambayo haikuwepo. Nikaomba makofi kwa mgeni rasmi, naye hakuwepo. Kisha nikasoma namba ya gari, na kabla sijaimaliza nikagundua kwamba ninaijua. Lilikuwa gari langu.

Mikono ilikuwa bado juu. Mzungu wangu alikuwa amejishika kipara. Binti yangu alikuwa amefunika uso, halafu akaufunua, akapenya katikati ya watu mpaka mezani kwangu, akanyoosha kiganja na kudai funguo. Nikampa. Hakunitazama. Akatoka nje.

Nikairudisha singeli. Ukumbi ukalipuka, walidhani ule ukimya ni ufundi, na wapo wanaonisifu mpaka leo. Mimi sikuwa na habari nao, nilikuwa nautazama mlango. Kusogeza gari si kazi ya muda mrefu. Wimbo ukaisha, nikaunganisha mwingine, hajarudi. Nikajua ameshika barabara ya nyumbani, na ana haki. Nikaapa moyoni kwamba spika naziuza.

Mlango ukafunguka, akaingia akicheza. Hakuwa anaruka kama wale wengine. Alikuja kwa mwendo wa shangazi zake, kiuno chini, mkono mmoja juu, bila haraka, wazungu wakimpisha. Kwetu mpiga muziki akikukosha unamtunza: unakwenda mbele za watu wote, unambandika noti kwenye paji la uso. Vijana wa hapa hawatembei na noti. Alijipapasa mifukoni, akatoa kadi yake ya treni, akanibandika nayo mbele ya rafiki zake, akapiga kigelegele, akarudi nyuma akizungusha kiuno.

Kadi ilishika kwa jasho. Sikuigusa. Wimbo ulipokaribia mwisho niliurudisha mwanzo, ukakaribia tena nikaurudisha tena, wazee wa watu wanahema hoi na mimi sijali, kwa sababu nilijua muziki ukizimika tu, atakuja kuichukua kadi yake.