Ndiga Siyo Kiazi cha Pori

Siku niliyobandua bango la mradi kwenye ukuta wa zahanati, mwanangu wa miezi saba alikuwa amelala mgongoni. Mama mmoja mgeni, aliyeolewa Fukayosi akitokea Msata, alisimama mbele ya zile picha na mfuko wa mizizi aliyoichimba mwenyewe. Akaniuliza, "Dada, hapa wameandika osha, menya, chemsha. Nichemshe kwa muda gani?"

Nikachungulia mfukoni. Ndiga tupu. Nikalibandua bango.

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kukusanya majina ya vyakula vya porini, jueni ilivyokuwa kwetu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa sokoni Dunda. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na daftari jipya. Kazi iliitwa kuorodhesha: unaandika jina la mmea kama wenyeji wanavyouita, msimu wake na mapishi yake. Mratibu wetu alitupa fomu yenye nafasi moja tu ya jina. "Hatuandiki kamusi hapa," alisema. Kwa Dunda ilitosha. Mchunga wa masika, unaochumwa kabla haujatoa maua, mlenda, mnavu: wauzaji walinitajia huku wanafunga mafungu yao.

Kisha nikapangiwa Fukayosi. Bi Tatu, mkulima wa huko, aliitikia shikamoo yangu, akalitazama daftari, akacheka. "Wewe mlenda wenyewe unanunua. Utaniandikia nini?"

Lakini alinipeleka mpaka kijitoni. Ndiga ni mzizi wa kiangazi, unachimbwa chakula kikipungua ndani. Una sumu. Wanaukata vipande vyembamba, wanavitia kwenye gunia, gunia linalala kwenye maji yanayotembea siku tatu au zaidi. Ndipo wanaanika na kutwanga unga. Hata hapo, aliyeloweka ndiye anayeonja kwanza, peke yake, na watoto hawapewi mpaka ipite adhana moja naye yuko mzima. Ukitaja ndiga Fukayosi, hakuna anayekuuliza kama ni tamu. Wanauliza imelala maji siku ngapi.

Niliandika yote hayo, kurasa mbili. Mratibu alikata neno ndiga kwa kalamu nyekundu, akasema ni jina la shamba, wa mjini hawatalielewa. Akaandika kiazi cha pori, akaiweka pamoja na vile vinavyochemshwa tu. Mara ya kwanza nilimweleza kwa heshima. Mara ya pili nilimwandikia. Mara ya tatu alinijibu mbele ya wenzangu: "Mama, nenda kanyonyeshe. Bango tuachie sisi."

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Bango likachapwa, likabandikwa.

Nilipolibandua, Mratibu alikuwa ndani ya zahanati. Alitoka akisema nimeharibu mali ya mradi, nisirudi tena kazini. Nilimchukua yule mgeni mpaka kwa Bi Tatu, ambaye safari hii hakutania. Alimwaga mfuko chini, akatenga mizizi mmoja mmoja. Mtoto wa mgeni, wa miaka miwili, tuliyekuja naye, alikuwa amekaa hapo hapo, mmoja kaushika mkononi. Bi Tatu alimpokonya kwanza, ndipo akamsalimia mama yake.

Kesho yake nilipanda bodaboda na mwanangu mpaka ofisi ya mradi. Sikuondoka mpaka barua yangu ilipogongwa muhuri wa kupokelewa. Iliandikwa hivi:

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU BANGO LA VYAKULA VYA PORINI*

*Bango lenu linafundisha kina mama kupika ndiga bila kuiloweka. Naomba yote yaliyobandikwa yaondolewe leo. Jina ndiga lirudishwe, na siku za kuloweka ziandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina la mradi. Kama mnaona nimekosea, Mratibu aipike kama alivyoandika, aonje yeye kwanza, nasi tusubiri adhana moja.*

*Bango nililobandua nimeliambatanisha.*