Mikono ya Elia Kwenye Skrini Kubwa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kusahaulika. Siku hiyo mama mmoja kiziwi alinikaripia kwa mikono yake, tena bila kukunja uso, na tangu hapo sikuifanya kazi yangu kama nilivyokuwa nikiifanya. Sogea hapa karibu nikueleze. Najua una simu inayokata video na kuipamba kwa kugusa kidole tu, na labda utaona mambo yangu ni ya kizamani. Sikiliza hivyo hivyo.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha video mjini Singida, nyuma ya soko. Nilipiga picha za harusi, na nilihamisha kanda za zamani kuziingiza kwenye kompyuta. Skrini kubwa ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mjini kwetu. Kumbi zilianza kuweka projekta na kitambaa cheupe kinachofunika ukuta mzima, na kila familia ikataka kuwaona watu wake wakiwa wakubwa kama milango. Kazi ilikuwa nyingi, nami nilikuwa na haraka ya kijana aliyeanza kusifiwa.

Akaja binti mmoja wa Ilongero, jina lake Neema, akiwa na mama yake na mjomba wake Yona, kaka wa mama. Yona ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sendofu ya Neema, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Nilimwamkia yule mama, shikamoo yangu ikabaki hewani. Ndipo Neema akanieleza kwamba mama hasikii. Nikapiga goti kidogo, naye akanishika kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Neema alitoa kanda kwenye mkoba, imefungwa kwa kitambaa cha kitenge.

"Hii ni siku ya ubatizo wangu," alisema. "Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Elia. Naye alikuwa kiziwi kama mama. Alifariki nikiwa sijaanza hata shule. Humu ndani kuna mahali anasimama mbele ya kamera anaongea na mimi kwa alama. Nataka aongee kwenye sendofu yangu, pale kwenye skrini, mimi niwatafsirie wageni."

"Umewahi kuiona?"

"Nilipokuwa mdogo, sikumbuki vizuri. Deki yetu ya kuchezea kanda ilikufa zamani. Mama hunisimulia kidogo, halafu ananiambia mengine atayasema baba mwenyewe."

Nikasema hakuna tatizo. Neno hilo, mwanangu, vijana hulitoa upesi kuliko salamu.

Nilipoiweka kanda kwenye deki na kuitazama katika televisheni yangu ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mnene, picha ilitoka vizuri. Nikamwona mwanamume mwembamba mwenye shati la mikono mifupi, anampa mkewe mtoto, anajifuta viganja kwenye suruali, kisha mikono inaanza kwenda. Lakini nilipoihamishia kwenye kompyuta na kuirusha ukutani kwa projekta, nilishtuka. Uso ulikuwa sawa, ukuta wa kanisa ulikuwa sawa, ila mikono ilikuwa imeota meno kama kitana. Kila iliposogea ilichanika mistari mistari.

Nikueleze kwa nini, maana hili halina uchawi. Kamera za zamani hazikuwa zikichukua picha nzima kwa mara moja. Zilichukua mistari kwa kuruka, wa kwanza, wa tatu, wa tano, mpaka chini. Kisha zikarudi juu kuchukua ile iliyorukwa. Ni kama mkulima anayepanda alizeti tuta moja na kuacha moja, akifika mwisho wa shamba anarudi kupanda yale aliyoyaacha. Televisheni ya chogo nayo ilionyesha vivyo hivyo, nusu baada ya nusu, haraka hata jicho likaona picha moja. Skrini mpya haina ustaarabu huo. Inazibandika nusu zote mbili kwa pamoja. Kitu kilichosimama hakidhuriki, maana kipo palepale katika nusu zote. Lakini mkono unaokwenda mbio umekwisha kuhama kati ya nusu ya kwanza na ya pili, kwa hiyo unaonekana mahali pawili kwa wakati mmoja. Ndiyo yale meno ya kitana.

Programu yangu ilikuwa na dawa ya haraka. Ilizichanganya nusu mbili zikawa moja, kama unavyokoroga uji mpaka mabonge yapotee. Nikaikoroga. Meno yakaisha. Picha ikawa laini, inateleza kama mafuta, nami nikajipongeza. Uzuri wa mkakasi, wazee walisema, ndani kipande cha mti.

Waliporudi niliwafungia pazia, nikawasha projekta. Mjomba Yona aliegemea kiti akatabasamu.

"Safi kabisa, dada Zaituni. Hiyo hiyo. Marehemu kama yupo."

Nilimtazama Yona, nikamtazama Neema, nikafurahi. Yule mama sikumtazama. Yeye aliangalia mpaka mwisho, kisha akamgeukia bintiye na kusema kitu kwa mikono, polepole. Neema alisita.

"Mama anasema baba ananung'unika."

"Ananung'unika namna gani?"

"Kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Vidole vina vivuli. Kila kidole kimekuwa viwili."

"Dada yangu naye," alisema Yona kwa upole. "Watu wanataka kumwona tu Elia. Nani atajua vidole?"

Neema akamtafsiria mama yake maneno hayo. Mama aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole pale palipokuwa na mkono wa mumewe. Kisha akanigeukia mimi, siyo kaka yake.

"Anakuuliza," alisema Neema, "ulipokuwa unaitengeneza, ulikuwa unatazama wapi?"

Nikajibu ukweli kwamba nilikuwa natazama uso.

"Anasema uso wake anao, kwenye picha iliyoko sebuleni. Amekufuata kwa ajili ya mikono." Neema akanyamaza, akisubiri mama yake amalize. "Anasema umewauliza wenye masikio kama kiziwi anasikika. Wamekujibu anasikika, kwa kuwa wao hawajui alichosema."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na mabwana harusi na kufokewa na wachungaji. Hakuna neno lililoingia kama lile. Wala hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa kanga upande wa ndani nje, ili usiende nayo sokoni. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Na mimi katika nyumba ile sikuwa nimelala hata usingizi wa mchana.

Nikamwomba Neema amwambie mama kwamba nataka akae nami wakati ninafanya kazi. Mama alikubali. Asubuhi iliyofuata alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu, peke yake, akiwa na sweta lake la kufuma mkononi. Hatukuwa na mkalimani. Tulikubaliana kwa ishara: akigonga meza, nisimamishe.

Kwanza nilijaribu kutupa nusu moja ya mistari na kubaki na nyingine. Vivuli vikaisha na vidole vikawa vidole. Mama alitazama, mara akagonga meza. Akaniomba nirudishe nyuma, tena na tena, mahali pale pale. Akajigusa shavuni kwa ncha ya kidole, mara mbili, haraka kama mtu anayefukuza unyoya. Kisha akaonyesha skrini na kuinua kidole kimoja. Nikaelewa. Elia alikuwa amegusa shavu mara mbili, ila kwenye picha yangu mguso ulionekana mmoja. Ule wa pili ulikuwa mwepesi mno, ukawa umeangukia katika nusu niliyoitupa. Baadaye Neema aliniambia kwamba miguso miwili shavuni ndiyo jina lake, baba yake alimpa kwa sababu ya kishimo alichozaliwa nacho. Mguso mmoja kwao ni "tamu". Kwa hiyo ningempeleka ukumbini baba anayemwita bintiye sukari na asimtaje jina.

Ndipo nikaifuata njia ndefu, ambayo nilikuwa naikwepa kwa sababu inaichosha kompyuta. Njia hiyo haikorogi wala haitupi. Inaichukua kila nusu na kuifanya picha kamili, ikijaza mistari iliyokosekana kwa kuangalia mistari jirani. Pasipotikisika inaazima kutoka nusu nyingine. Kwa hiyo picha zinakuwa mara mbili, na mwendo wote uliokuwamo kwenye kanda unabaki. Sharti lake moja tu, ujue nusu ipi ilitangulia. Nilikosea nikaweka ya nyuma mbele, mikono ya Elia ikawa inakwenda hatua moja na kurudi, inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Mama aligonga meza kabla hata sijashangaa. Nikageuza mpangilio, nikaiacha kompyuta ifanye kazi. Tulikunywa chai. Tulikula mihogo. Alinifundisha alama ya "asante" na ya "sindano", na alama moja ya kumsema mtu mwenye maringo, ambayo mpaka leo naitumia kanisani kimyakimya na Mungu anisamehe.

Mchana kazi ilipokamilika, Neema naye alikuwa amefika. Nikafunga pazia. Elia alisimama ukutani, mkubwa kuliko sisi sote, akajifuta viganja kwenye suruali, akaanza. Kila kidole kilikuwa peke yake. Nilimtazama mama safari hii, sikuitazama skrini. Sweta lilimtoka mapajani. Mikono yake iliinuka, ikaanza kusema, ikanyamaza pale ya mumewe iliposema, ikasema tena.

"Anafanya nini?" nilimnong'oneza Neema.

"Anamjibu," alisema. Hakunitafsiria zaidi, nami sikuuliza.

Sendofu ilikuwa Jumamosi, kuanzia saa nane mchana. Meza ya mbele walikaa viziwi waliokuwa wakifanya kazi na Elia, nyuma yao ukoo na majirani wa Ilongero. Nilikaa kwenye projekta. Neema akasimama pembeni ya skrini na kipaza sauti, na baba yake alipoanza, yeye akaanza.

"Neema, mwanangu. Gauni ulilovaa nimelishona mimi. Shangazi zako wanasema shingo ni pana. Wanasema hivyo kwa sababu hawajui kwamba wewe utanenepa kama wao."

Ukumbi ulicheka, na shangazi wawili walicheka kuliko wengine. Elia akaendelea, na bintiye akaendelea.

"Ukikua, watu watakuambia wazazi wako hawakuwa wakikusikia ulipolia. Wajibu hivi. Tulilala kwa zamu, mkono mmoja kifuani pako. Ulipovuta pumzi ya kulia..."

Hapo sauti ya Neema ilikatika. Kule juu mikono ilikuwa inaendelea na wageni hawakujua inasema nini. Mimi nilijua. Neema alikuwa amenitafsiria yale maneno tulipofanya mazoezi, hata nikayashika. Ningeweza kuyasema, na watu wangenisifu. Niliuma midomo, nikaisimamisha picha. Hayakuwa yangu.

Mama yake aliinuka kwenye meza yake, akatoa alama fupi. Neema akafuta uso kwa kiganja, akanipa ishara ya kichwa. Nikairudisha nyuma kidogo, nikaiachia.

"Ulipovuta pumzi ya kulia, tulikuwa tumeshaamka. Hukuwahi kulia peke yako."

Watu wa meza ya mbele waliinua mikono juu wakaitikisa, maana ndivyo wanavyopiga makofi. Wageni wengine walisita kidogo, kisha nao wakainua yao.

Wakati tunakusanya waya, mjomba Yona alikuja akasimama karibu yangu.

"Nimeishi na shemeji yangu miaka yote ile," alisema. "Tumekula sahani moja. Sikujua kama alikuwa mcheshi."

Nilimwachia kiti akakaa.

Sasa mwanangu, nasaha yangu si ya kanda peke yake, maana kanda zenyewe zinakwisha. Lakini zikikufikia, tunza ile ya asili bila kuigusa, ufanyie kazi nakala. Na usiridhike na ulaini wa picha mpaka ujue ulaini huo umelipiwa na nini. Kitu kinaweza kuteleza vizuri kwa sababu kimetengenezwa, na kinaweza kuteleza kwa sababu kimeondolewa maana. Macho ya haraka hayatofautishi. Ukifanya kazi ya mtu, muulize yule atakayejua ikiharibika, hata kama hana cheo katika kamati, hata kama kumwelewa kutakuchukua siku nzima. Sifa za wasioijua kazi ni tamu, lakini hazikufundishi kitu. Akikukosoa mtu anayejua, kaa naye meza moja. Akili nyingi huondoa maarifa, na kuuliza hakujampunguza mtu kimo. Na siku utakapoyashika maneno ya mwingine, yawe ya uchungu au ya kuchekesha, mpe nafasi ayaseme mwenyewe, au ayaseme yule aliyeachiwa.

Basi nenda, giza lisikukute barabarani. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akujalie watu wa kukuambia kweli kwa upole, na akupe moyo wa kuipokea kabla haijachelewa. Wanao waje kukutaja kwa heri, na nyumba yako isikose anayeamka.