Mwalimu hakwenda kutushtaki

Leo mwalimu wa hesabu ametoka darasani katikati ya somo kwa kelele zetu, na mimi nisiyesema sana ndiye niliyetumwa kumwomba radhi.

"Enda wewe," mwenzetu Athmani akaniambia. "Huna mdomo, hutamuudhi."

Muhula mzima, akitoka hivyo, tunajua amekwenda kutushtaki kwa mwalimu mkuu. Tunanyamaza kama tuko matangani.

Nikamkuta nyuma ya jiko la shule, peke yake, anasuka ukili wa mkeka.

Mtu wa bara, na ukili, kazi ya kwetu pwani. Nikasimama tu.

"Sijaenda kushtaki," akasema. "Nikisikia sauti yangu inapanda, natoka. Nikisuka dakika kumi, inashuka."

Kisha akanionyesha. "Mbona wangu unajikunja?"

Ile radhi ikanipotea. Nikasema, "Umekaza sana, Mwalimu. Legeza."

Akacheka, akafumua. Tukasuka pamoja.

Niliporudi darasani wote wakauliza, "Yuko wapi?"

Nikawaza: wakijua, watamfuata huko nyuma, na hizo dakika kumi zitakwisha.

"Kwa mwalimu mkuu," nikasema.

Hakuna aliyebisha. Asiyesema huaminiwa upesi.

Ninyi hamsomi kwetu, ndiyo maana nawaambia. Mngesemaje?